Salamu Tu

Asubuhi hiyo Dunia ilikuwa mbali na Mirihi kiasi kwamba mwanga wenyewe, ambao hakuna kiendacho mbio kuushinda, ulihitaji dakika kumi na tisa kutoka huku hadi kule. Hata hivyo, katika jiji la Bondekundu, chini ya kuba la saba, fundi wa vichujio vya hewa aitwaye Somoe Likwata alichukua simu yake akasema, "Shikamoo, mama," na kabla hajamaliza kufunga kamba za buti la pili, sauti ya mama yake ikaitikia kutoka Newala:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hesabu haikubali. Dakika kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi, hizo ni thelathini na nane. Mama Somoe alijibu kwa sekunde mbili. Bondekundu ilikuwa na watu laki mbili waliopata majibu ya namna hiyo kila siku, na kati yao walikuwamo walimu wa fizikia wasiopungua arobaini. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Waliotaka maelezo walijipa wenyewe: eti salamu ni maneno mafupi, mepesi, ndiyo maana yanafika upesi, mambo marefu ni mazito, lazima yachelewe. Walimu wa fizikia nao walitikisa kichwa wakaendelea kuwasalimu bibi zao.

Kilichokuwa kikijibu ni mtambo ulioitwa ghala angavu. Ulikuwa mali ya Kampuni ya Mwale, iliyowauzia wakazi wa Bondekundu huduma ya mtandao, na uliwekwa langoni kabisa, mahali ambapo kila ujumbe hupita kabla ya kurushwa angani kuelekea Dunia. Kazi yake haikuwa ngumu kueleza. Mtu anapoomba kitu kilichoko Dunia, kitabu, wimbo, gazeti, ghala hulidaka ombi hilo njiani na kujitazama tumboni. Likiwa na nakala, humpa papo hapo. Likiwa halina, huagiza, hungoja, humpa, na hubaki na nakala kwa ajili ya mwingine. Kila nakala hupewa umri: gazeti saa moja, kitabu cha shule mwaka mzima. Umri ukiisha, nakala hutupwa na mpya huagizwa.

Liliitwa angavu kwa sababu halikuonekana. Mteja hakubadilisha chochote kwenye simu yake, hakuombwa ruhusa, hakujulishwa. Alidhani anazungumza na Dunia, kumbe anazungumza na kabati lililoko mtaa wa nyuma. Ni kama kioo cha dirisha kilichosuguliwa vizuri: unaona mtaa, kioo hukioni.

Aliyelijenga ni mhandisi Rwiza, mtu wa Muleba, mwembamba, mwenye miaka hamsini na sita na tabia ya kunywa chai iliyokwisha kupoa. Kwa vitabu na nyimbo ghala lake lilifanya kazi vizuri sana. Lakini mwale, ule mstari mwembamba wa mwanga uliobeba mawasiliano yote kati ya sayari mbili, uliendelea kujaa hadi pomoni. Rwiza akatafuta kinachoujaza. Akapekua rekodi za mazungumzo laki nne. Jibu lilimfanya acheke peke yake ofisini.

Zilikuwa salamu.

Watu wa Bondekundu walikuwa wametoka Tanga na Tabora, Lindi na Kigoma, na hawakuacha adabu zao uwanja wa roketi. Mtu mwenye neno moja la kusema alianza kwa shikamoo, akangoja marahaba. Akauliza habari za huko, akangoja nzuri. Akauliza watoto, akauliza mvua, akauliza jirani aliyekuwa akiumwa mguu. Kila swali lilivuka anga na kila jibu lilivuka tena. Siku nzima iliisha watu wanajuliana hali. Na wengi, baada ya yote hayo, walikata wakisema hawakuwa na jambo, wamepiga kusalimu tu.

Rwiza aliyapanga majibu. Kati ya salamu mia moja, tisini na saba zilijibiwa vilevile kila mara, na mtu yuleyule, kwa maneno yaleyale. Mhandisi akiona kitu kisichobadilika hujua la kufanya. Aliandika orodha. Mstari wa kwanza aliweka: *nimepiga kukusalimu tu*. Ikafuata shikamoo, hujambo, habari za nyumbani, baba hajambo, umekula, uko na nani hapo. Akaongeza na zile lawama ambazo kwetu nazo ni salamu, maana mtu humwambia hata aliyeonana naye juzi: mbona kimya, umepotea, umetutupa. Ujumbe wowote ulioangukia kwenye orodha haukuvuka tena. Ghala la Bondekundu liliujibu kwa sauti ya ndugu wa Dunia, iliyohifadhiwa mara ya mwisho aliposalimiwa kweli. Ghala pacha, lililoko kituo cha Dunia, liliwajibu wa kule kwa sauti ya ndugu wa Mirihi. Jambo halisi, likiwapo, lilipita bila kuguswa.

Nakala za salamu alizipa umri wa siku saba. Halafu, ili kuupunguzia mwale mzigo zaidi, akaongeza kanuni ndogo: nakala ikitumika, umri wake unaanza upya.

Mwale ukapumua. Kampuni ikatangaza kwamba sasa unaweza kumwamkia mama kama yuko chumba cha pili. Rwiza akapewa cheti chenye fremu, akakiegesha nyuma ya kabati la nyaya.

Somoe Likwata aliingia ofisi za Mwale saa nne asubuhi, akiwa bado na sare ya kazi na kopo lake la chakula mkononi. Mapokezi alikuwapo Mwajabu, msichana wa Lushoto mwenye kicheko cha karibu. Alimsikiliza, akajiziba mdomo, akampeleka kwa mhandisi.

"Shikamoo, mhandisi," alisema Somoe.

"Marahaba," Rwiza aliitikia bila kuinua macho, kama alivyomwitikia kila mtu.

"Huyu dada analalamika mama yake anaangusha mfuniko," Mwajabu alisema, na kicheko kikamtoka.

"Cheka tu, mwenzangu," alisema Somoe. "Hata mimi nilicheka. Mhandisi, kila asubuhi namwamkia mama. Anaitikia, jogoo anawika, halafu mfuniko wa sufuria unaanguka. Kila siku. Marahaba, jogoo, mfuniko. Siku zetu huku ni ndefu kuliko za kule, asubuhi yangu mara inaangukia mchana wao, mara usiku wa manane. Jogoo yuko palepale."

"Hukumuuliza?" aliuliza Rwiza.

"Nimwamkie mama halafu nianze habari za mifuniko? Si adabu." Alihamisha kopo mkono mwingine. "Ningenyamaza. Lakini kuna baba. Nikiuliza baba hajambo, mama ananiambia hajambo, yuko shambani anapuliza salfa. Mimi nimezaliwa kwenye mikorosho, mhandisi. Salfa ni dawa ya ukungu, inapulizwa maua yakitoka, mwezi wa sita, wa saba, ikichelewa sana wa nane. Sasa kule ni Novemba. Watu wanaokota korosho, magunia yamejaa. Baba yangu anapuliza nini?"

Mwajabu aliacha kucheka. Rwiza aliinua macho.

"Mara ya mwisho kuzungumza na mama jambo lolote ni lini? Jambo, si salamu."

"Sina jambo nami. Nipo, kazi ipo, nala, nalala. Huwa napiga kumsalimu tu."

Mstari wa kwanza wa orodha. Rwiza alivuta kibao cha herufi akaandika jina la Somoe. Rekodi ikafunguka: Somoe Likwata, kuba la saba, kwenda kwa mama, Newala. Salamu mia moja hamsini na nane. Zilizojibiwa na ghala, mia moja hamsini na nane. Ya mwisho kuvuka ilikuwa ya mwezi wa sita.

Aliitazama ile namba kwa muda. Nakala ilipewa siku saba. Lakini Somoe alisalimia kila siku, kwa hiyo nakala ilitumika kila siku, kwa hiyo umri wake ulianza upya kila siku. Mtoto mvivu wa kusalimia, wa kupiga mara moja kwa mwezi, salamu yake ilivuka. Huyu asiyekosa hata asubuhi moja hakufika kamwe.

"Nini?" aliuliza Somoe.

"Nataka kuona upande wa Dunia. Ngoja hapo nje, dada. Itachukua kama dakika arobaini."

"Arobaini? Mbona salamu zinafika mara moja?"

Rwiza aligeukia kibao chake.

"Salamu ni fupi," Mwajabu alisaidia, kwa nia njema kabisa, akamwongoza Somoe kwenye kiti.

Agizo lilirushwa kwenye mwale. Rwiza alikunywa chai yake ya baridi, akaipanga upya meza ambayo haikuwa na fujo. Dakika ya thelathini na nane faili lilifika kutoka ghala pacha. Mama wa Newala alikuwa amempigia mwanawe mara sitini na moja tangu mwezi wa sita. Zote sitini na moja zilijibiwa na ghala.

Alivaa visikizi masikioni akafungua ya kwanza.

"Somoe, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo," ilijibu nakala ya Somoe, changamfu.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimeshakula, mama."

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Wenzangu wako zamu."

"Haya, mwanangu. Haya. Tutaongea."

Rwiza alisimamisha sauti. Maswali yale aliyajua. Miaka thelathini na nne iliyopita, akiwa chuoni, baba yake mdogo alimpigia simu mchana, akamjulia hali, kisha akauliza kwa upole usio wa kawaida: umekula? Uko na nani hapo? Rwiza alianza kukusanya nguo zake kabla ya kuambiwa neno lolote. Kila aliyelelewa na watu anajua. Habari ya msiba hapewi mtu mwenye njaa, na hapewi mtu aliye peke yake. Kwanza unahakikisha ana kitu tumboni na mkono wa mtu karibu.

Naye ndiye aliyeyaweka maswali hayo kwenye orodha. Kwenye mazungumzo laki nne majibu yake hayakubadilika.

Ghala lilikuwa na faili jingine dogo ambalo mafundi waliliita makombo. Ndani yake zilitupwa sauti zilizobaki baada ya salamu kwisha na kabla ya simu kukatwa: kikohozi, mlango, mtu anayesema na wa pembeni yake. Hazikuwa ujumbe kwa yeyote, kwa hiyo hazikurushwa. Rwiza aliyafungua makombo ya simu ile ya kwanza.

"Yuko peke yake," mama alikuwa akimwambia mtu.

"Mwambie tu, dada," ilijibu sauti ya mwanamume. "Siku zinakwenda."

"Nimwambie mtoto baba yake tumemzika jana, naye hana hata wa kumshika mkono? Wewe mjomba wake unaweza? Haya, shika simu wewe."

Mjomba hakushika simu.

Rwiza alisikiliza zote. Angeweza kuacha ya tano au ya kumi, kwa sababu majibu yalikuwa yaleyale, lakini hakuacha. Hujambo, sijambo. Umekula, nimeshakula. Uko na nani, niko peke yangu, wenzangu wako zamu. Mara ya kumi na tisa mama alibadilisha saa, akapiga alfajiri. Mara ya ishirini na tano alipiga usiku. Kwenye makombo ya mara ya ishirini na nane alisema, "Kesho ndiyo arobaini. Na leo pia yuko peke yake." Kuanzia hapo alianza kunung'unika: "Umetutupa, mwanangu. Hata kutuamkia?" Nakala ilijibu, "Hapana mama, ni shughuli tu." Sauti ilikuwa na kicheko kidogo, kwa sababu siku iliporekodiwa Somoe alikuwa akitaniwa.

Simu ya sitini na moja ilikuwa ya siku tisa zilizopita. Mama hakuuliza hujambo wala umekula. Aliuliza moja tu.

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Wenzangu wako zamu."

Makombo: kiti kinasogezwa, pumzi. Kisha mama, bila hasira, akimuuliza yeyote aliyekuwa karibu: "Hivi huko alikokwenda hakuna watu?"

Rwiza alivua visikizi. Alikuwa mtu wa kupenda maelezo, na kwa dakika mbili alijaribu kuyapanga: kwamba ghala lilifanya kila lilichoagizwa, kwamba hakuna ujumbe halisi uliopotea, kwamba jambo, lingesemwa, lingepita. Yote yalikuwa kweli. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona tangu azaliwe.

Alirudi kwenye kibao, akaifungua orodha yake, na bila kuomba kibali cha mtu akaifuta, mstari baada ya mstari, hadi ule wa kwanza, na agizo hilohilo akalirusha kwa ghala pacha. Katika Bondekundu nzima, kuanzia sekunde hiyo, watu walisema shikamoo na hawakujibiwa. Ndani ya dakika tatu simu za mapokezi zilianza kulia zote kwa pamoja.

Alitoka. Somoe alikuwa amekaa wima, kopo la chakula magotini, mfuniko wake bado umefungwa.

"Dada," alisema Rwiza, "umekula?"

Aliyasikia maneno yakitoka, na hakuwa na mengine.

Somoe alimtazama. Aliliweka chini lile kopo, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Bado," alisema.

"Mwajabu," aliita Rwiza, "achana na hizo simu. Njoo ukae hapa, karibu na dada yako. Lete na chai, ya moto."

Mwajabu alikuja. Alikuwa wa Lushoto, hakuhitaji kuelezwa. Alikaa akaushika mkono wa Somoe kabla hata hajajua ni kwa nini hasa.

"Nani?" aliuliza Somoe. "Mama au baba?"

"Baba."

"Lini?"

"Mwezi wa sita."

Hakupiga kelele. Aliinama hadi paji la uso likagusa magoti, na Mwajabu akamfunika mgongo kwa mikono miwili. Sauti ilimtokea chini huko huko.

"Nilikuwa namuulizia kila siku. Kila siku, mhandisi. Baba hajambo?"

"Najua."

"Kwa nini mama hakuniambia?"

"Alitaka. Alikupigia mara sitini na moja, akauliza uko na nani." Rwiza alichuchumaa, apate kuwa usawa wa macho yake. "Mtambo ulikuwa unamjibu, kwa sauti yako, kwamba uko peke yako. Akawa anangoja akukute na watu. Na zako hazikumfikia. Anadhani uliacha kumsalimu. Mtambo huo niliuweka mimi, dada. Si mtu mwingine, mimi."

Somoe alimtazama kwa macho mekundu, bila kumchukia wala kumsamehe.

"Ulikuwa unafanya nini na salamu zetu?"

"Nilidhani hazina kitu ndani."

Mwajabu alimshikisha kikombe. Alikunywa nusu, kwa kulazimishwa, na kipande cha muhogo kutoka kwenye kopo lake mwenyewe. Simu za mapokezi ziliendelea kulia. Wengine walikuwa wameanza kufika mlangoni, wakilalamika kwamba mwale umekufa, mama zao hawaitikii, na Rwiza alitoka mara moja tu kuwaambia wangoje, mama zao ndiyo kwanza wanaamkiwa.

Kisha Somoe alipangusa uso kwa mkono wa sare, akatoa simu mfukoni.

"Sasa itafika?"

"Itafika. Dakika kumi na tisa."

Aliishika karibu na mdomo. Mara mbili alianza akashindwa. Mwajabu alisogea zaidi, bega kwa bega, na kutoka mlangoni mama mmoja wa makamo, asiyewajua kabisa, aliyekuja na malalamiko yake, aliona kilichopo akaja akakaa upande wa pili bila kuulizwa.

"Shikamoo, mama," alisema Somoe. "Ni mimi mwenyewe. Nimekula." Alivuta pumzi. "Niko na watu."

Ujumbe ukaondoka. Rwiza alivuta kiti, akakaa naye, na hakuna aliyeinuka hapo kwa dakika zote thelathini na nane.